Alama Mbili za Mchuma Chai

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha Kiingereza katika shule ya kutwa karibu na Sironga, nilitunga shairi la mtihani wa kidato cha tatu. Mashairi ya vitabuni wanafunzi walikuwa wamekwisha kukariri majibu yake. Langu lilimhusu mwanamke anayechuma majani chai asubuhi, mgongo umepinda, mdomo ameufumba. Swali la nne liliuliza ana hisia gani, na mwanafunzi athibitishe. Mwongozo wangu wa kusahihisha ulisema huzuni, alama mbili.

Binti mmoja mpole aliandika furaha. Nikampa sifuri.

Nilipowarudishia karatasi, alinifuata hadi stafrum, chumba cha walimu, na kusimama mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, ulitufundisha kauli ya kutenda na ya kutendwa," alisema. "Katika shairi lote, huyu mama hatendwi chochote. Anapanda kilima, anachuma, anarusha, anageuka. Kila kitenzi ni chake. Huzuni iko wapi?"

Nilimwambia kwamba sarufi ni sarufi na hisia ni hisia, na kwamba mtunzi anajua alichokusudia. Sikumwambia mtunzi ni nani. Mwenzangu wa Kiswahili, aliyejua, alikohoa ndani ya kikombe chake.

Siku ya wazazi binti alikuja na mama yake, mkulima wa chai, akiwa na karatasi ile mkononi. Mama aliomba asomewe shairi, binti akamfasiria kwa Ekegusii, lugha yao ya nyumbani, mstari kwa mstari. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama aliyeliandika amewahi kuchuma chai.

Ikabidi niseme ukweli. Mtunzi ni mimi, na nimelelewa nyuma ya duka Ogembo, ambako chai niliiona ikipita tu juu ya lori.

Hakucheka. "Mwalimu, asubuhi tunanyamaza kwa sababu mikono inafanya kazi," alisema. "Mimi nikinyamaza shambani, ujue niko sawa. Njoo Jumapili uone."

Yeye ni Msabato na Jumamosi ilikuwa siku yake ya kanisa, kwa hiyo Jumapili saa moja asubuhi nilikuwa shambani kwake, nimefungwa karatasi ya plastiki kiunoni kuzuia umande. Alinionyesha cha kuchuma: majani mawili machanga na chipukizi lake. Nilichuma nilivyoweza. Kila baada ya muda alikuja, akatia mkono kikapuni mwangu, akatupa majani niliyoyachuma yakiwa yamekomaa, akarudi kwenye mstari wake bila neno. Majirani wa shamba la pili walisema kitu ambacho sikukisikia vizuri, wote wakaangua kicheko. Binti aliniambia kwa aibu kidogo: walikuwa wanauliza kama mwalimu anachuma chai au anaisalimia.

Kufika saa nne mgongo uliniuma kwelikweli. Lakini niligundua kwamba nilikuwa nimenyamaza karibu saa nzima, na sikuwa na huzuni hata chembe.

Jumatatu, palepale darasani, nilikusanya karatasi zote nikazisahihisha upya. Waliosema huzuni na kuthibitisha walibaki na alama zao. Aliyeandika utulivu alipata, aliyeandika uchovu alipata, na binti yule alipata mbili zake. Mmoja aliyeandika furaha bila kueleza alidai za kwake, nikamwambia arudi kwenye neno thibitisha.

Nilidhani yameisha. Binti akainua mkono.

"Mwalimu, mstari wa tatu unasema anarusha majani kikapuni kwa kishindo. Majani mabichi hayana kishindo."

Darasa zima likakubaliana naye. Kipindi kilichobaki tulitafuta kitenzi kingine, kila mtu akipendekeza chake na kukitetea, nami nikiandika na kufuta ubaoni hadi mikono ikawa myeupe kwa chaki. Kengele ilipolia hawakuinuka, kwa maana vitenzi viwili vilikuwa bado vinashindana na kura hazijapigwa.