Mwaka Niliokaa Nje ya Leba

Nilipomwambia mganga mfawidhi wa kituo chetu kwamba naomba likizo bila malipo, mwaka mzima, alivua miwani akaniangalia vizuri. "Hilaria, una mgonjwa nyumbani?" Nikamwambia sina. "Unaenda kusoma?" Siendi. "Sasa unaenda kufanya nini?" Nikamjibu naenda kulala. Akacheka, halafu akaona mimi sicheki, akavaa miwani yake.

Mimi ni mkunga. Nimeanza kuzalisha wanawake wa Mpanda nikiwa binti wa kiuno chembamba, na sasa wale niliowapokea wanakuja leba na matumbo yao. Kazi nilikuwa naipenda, nisiseme uongo. Lakini kuna asubuhi moja mtoto alizaliwa akalia vizuri, mama yake akalia kwa furaha, bibi nje akapiga vigelegele, na mimi nimesimama pale nawaza kwamba sabuni ya kufulia imeisha nyumbani. Nikasema ni uchovu, utapita. Wiki ile ile binti mmoja akapoteza mtoto. Nilifanya kila kilichotakiwa kufanywa, nikamfunika, nikamshika bega kama tulivyofundishwa, kisha nikaenda kuuliza nani amekunywa chai yangu. Wala sikuumia. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikitafuta mahali panapouma, nisipaone.

Hilo ndilo lililonitisha. Kuchoka miguu nimezoea, kuchoka mgongo nimezoea. Ila mtu asiyesikia kilio cha furaha wala cha msiba anafanya nini leba? Nikajipa mwaka. Nikamwambia mume wangu, Ponsian, kwamba mwaka ukiisha na bado niko hivi, sirudi. Nitalima mpunga, nitauza karanga, nitajua huko mbele.

Ponsian ni dereva wa lori, analala njiani siku nyingi kuliko anazolala kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pumzika, mke wangu, umefanya kazi sana." Nikafurahi, mwanamume ananielewa. Safari iliyofuata akarudi na begi la nguo chafu, zake na za utingo wake. "Si upo?" akaniambia.

Hayo maneno mawili, si upo, ndiyo yaliyoula mwaka wangu. Nakaa Majengo, mtaa ambao mtu akikohoa chumbani anapewa pole dukani. Jirani yangu, Mama Bushra, anauza vitenge kwenye kibaraza chake, na kila anayekuja kupima kitenge anapimiwa na habari. Kwanza wakasema nimefukuzwa. Wakaona siendi kulia kwa mtu, wakasema nina mimba ya uzeeni. Tumbo halikutokea, wakasema nafungua duka la dawa, na kuna watu walikuja kabisa kuulizia dawa za minyoo. Mama Bushra mwenyewe hakuwa na ubaya. Aliniletea mwanawe wa mwisho asubuhi moja, akamkalisha kwenye mkeka wangu na uji wake. "Mama, naenda mara moja kufuata mzigo. Wewe si upo?" Alirudi jioni.

Msiba ukitokea, nani wa kukaa na masufuria? Hilaria, yupo. Kikao cha shule, nani amwakilishe mama fulani? Hilaria. Wifi yangu anataka kwenda kuvuna, kuku wake walindwe na nani? Nikifungua mdomo kusema nimepumzika, mtu ananiangalia kwa huruma, kisha ananiuliza sasa unapumzika nini na huna kazi. Kwa watu wetu kupumzika kuna maana ikiwa unaumwa au umezaa, basi. Mzima wa afya aliyekaa ni mtu anayengoja kutumwa.

Nikakimbilia Ugalla kwa mama. Nilisema huko porini, kwenye miti na nyuki, hakuna atakayejua kazi yangu. Mama yangu, Mungu ampe maisha marefu, alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti yake daktari anakuja kupumzika. Daktari, wakati mimi ni mkunga. Asubuhi ya kwanza nimetoka na mswaki mdomoni, nakuta foleni. Kuna wa goti, kuna wa jino, kuna mzee aliyeumwa na nyuki usoni wakati wa kurina asali na anataka nimwambie uvimbe utashuka lini. "Mama, nimekuja kulala," nikamwambia. Akasema, "Mwanangu, wasikilize tu hawa wachache, kisha utalala." Kila siku wachache. Nilirudi Mpanda na dumu la asali, nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Lakini nisiwalaumu watu kwa kila kitu. Zilikuwepo siku tupu pia, siku ambazo hakuna aliyegonga. Nilizilala. Nililala mchana mpaka shavu likawa na alama za mkeka, nikaamka, nikasikiliza redio, nikalala tena. Nilipika wali wa mchele wa Mwamkulu na samaki wa migebuka, nikala peke yangu, nikakuta sikusikia ladha. Nilikuwa nadhani uchovu ni deni, ukilala sana unalimaliza. Mimi nililala, mwili ukapona, miguu ikaacha kuvimba, hata Ponsian akasema nimenawiri. Ila ile sehemu nyingine ilibaki vile vile. Dada yake Ponsian alifunga ndoa, nikacheza na wenzangu, nikijitazama ninavyocheza. Nilikuwa naona aibu kumwambia mtu. Utamwambiaje mtu kwamba moyo unafanya kazi yake ya kudunda tu?

Mwaka ukawa unakwisha. Mganga mfawidhi akapiga simu, kwa upole, kwamba nafasi yangu ipo, nimpe neno niko ndani au niko nje. Nikamwomba anipe siku chache. Nilikata simu nikijua jibu. Nilikuwa nimeshaanza kuuliza bei ya kukodi shamba.

Ilikuwa katika siku hizo chache, asubuhi, nachambua mchele kibarazani, bajaji ikafunga breki mlangoni pangu. Akashuka Luhende. Luhende ni mfugaji wa Mwamkulu, baba yake alikuja na ng'ombe kutoka Usukumani. Namwita Baba Hilaria, maana mtoto wake wa kwanza ana jina langu. Ndivyo wanavyofanya kwenye ukoo wao: mtoto akifika salama, jina linatoka kwa aliyempokea, na aliyempokea anakuwa ndugu. Mkunga anayewapokea watoto wawili au watatu wa nyumba moja jina lake linabaki kwa yule wa kwanza, lakini undugu unaongezeka. Mimi niliwapokea watoto wao wote watatu. Kila mavuno Luhende ananiletea mchele, na harusi zao nakaa na akina mama wa ukoo.

"Mayu," akaniambia, ndivyo wanavyomwita mama, "tumekuja." Nikachungulia ndani ya bajaji. Mkewe, Nyanzala, ameshika chuma kwa mikono miwili, macho kayafumba, jasho linamtoka. Nilimwekea mkono tumboni. Uchungu ulikuwa unakuja mmoja nyuma ya mwingine.

"Mbona mmekuja hapa? Kwa nini hamkwenda kituoni?"

"Tumetoka huko. Tumefika getini, tukaulizia Hilaria, mlinzi akasema yuko likizo. Nikasema basi, ndugu yetu hayupo hapa, twende kwake."

Jamani. Nilisimama na ungo mkononi, maneno yakanitoka kwa mkupuo. "Baba Hilaria, una akili timamu? Umefika mlangoni pa leba na mke ana uchungu, ukageuza bajaji? Mimi hapa nina nini? Nina ungo na mchele. Akitoka damu nitaizuia kwa kanga?" Luhende akaniangalia kama mtu anayeonewa. "Mayu, nitampaje mtu nisiyemjua mtoto wangu?" Nyanzala akafungua macho akasema kwa sauti ndogo, "Nyie, mtagombana baadaye." Nikautupa ungo, nikaingia kwenye bajaji, nikamwambia dereva ageuze na asiruke shimo hata moja.

Njiani nilimshika mgongo na kumwambia asisukume. Nilikuwa nafanya kwa mazoea, mikono inajua. Nilikuwa na hasira na Luhende, basi.

Mlangoni pa leba alitutokea muuguzi kijana ambaye sijawahi kumwona, kibandiko kifuani kimeandikwa Mercy. Aliajiriwa nikiwa likizo. Alimtazama Nyanzala mara moja tu, akamshika kwapa, akamwingiza, akaita mwenzake, yote kwa utulivu. Nikafuata nyuma, kama nilivyofuata miaka yote. Akageuka akaniwekea mkono mbele. "Mama, ndugu mnasubiri kwenye benchi."

Ningeweza kumwambia mimi ni nani. Neno lilikuwa ulimini. Lakini nilijiangalia: kanga, ndala, pumba za mchele mpaka kwenye nyusi. Na kusema kweli nilichoka hata kujieleza. Mlango ukafungwa.

Lile benchi nimelipita maelfu ya mara na sijawahi kulikalia. Ubao wake umepinda katikati, ukikaa unateleza kumwelekea mwenzio, na jua la asubuhi linapiga magotini. Luhende akaniuliza, "Mayu, mbona huingii?" Nikamwambia niko likizo. Hakunielewa, na sikumlaumu.

Ndani, sauti ya Nyanzala ilikuwa inapanda. Hiyo naijua, haikunishtua. Kisha ikakatika, pakawa kimya. Ukiwa ndani, kimya kile unakijua: unaona kichwa kimetoka, unasubiri mabega, una kazi. Ukiwa nje ni ukuta mtupu. Nilijikuta nimeshika mkono wa Luhende, mwanamume mzima, na yeye ameubana wangu. Nikasema Salamu Maria nikaipoteza katikati. Halafu mtoto akalia.

Nilishusha pumzi, kama mtu yeyote pale. Nikasubiri kuona kama kuna kitu kitafuata. Hakikufuata, nikasema haya, ndiyo hivyo, kesho nitapiga simu nimwambie mfawidhi amtafute mwingine.

Mercy akatoka akifuta paji la uso kwa mkono. "Baba ni wewe? Ni wa kike, mzima, na mama mzima." Luhende akasimama, akavua kofia yake. "Binti, jina lako nani?"

"Mercy."

"Melisi," akasema Luhende, akilijaribu. Akalirudia, akaridhika nalo. "Basi tumempata Melisi. Na wewe, binti, kuanzia leo una kwenu Mwamkulu." Mercy akacheka, akashukuru, bila kujua amepewa nini. Alidhani ni maneno tu ya mtu mwenye furaha.

Mimi nilijua. Na ghafla pakaniuma, hapa, chini ya koo. Wivu, jamani. Wivu mtupu wa kitoto. Nilitaka kumpokonya yule binti lile jina. Huyu ni Nyanzala wangu. Watatu nimewapokea mimi, na huyu wa nne ndiye wa kwanza kupita mbele ya mlango wangu akaenda kwa mwingine, mimi nipo mzima, mikono ninayo, nimekaa kwenye ubao na pumba usoni. Niliinuka nikaenda nyuma ya jengo, pale zinapoanikwa shuka. Nikajaribu kujizuia nikashindwa. Nikalia kwa sauti. Na wivu ulipofungua mlango wakaingia wengine nyuma yake: yule binti aliyepoteza mtoto, ambaye nilimfunika nikaenda kuulizia chai, na mama yake, ambaye siku ile alikuwa nje, amekaa kwenye benchi lile lile. Niliwalilia wote, mwaka na zaidi nimechelewa.

Luhende akanifuata, akasimama mbali kidogo. "Mayu, umekasirika?"

"Ndiyo."

"Jina lako tunalo tayari nyumbani."

"Najua, Baba Hilaria. Niache nilie."

Akaniacha. Nadhani ndiye aliyemwambia muuguzi kwamba kuna mama anaumwa huko nyuma, maana baada ya muda Mercy akaja na kikombe cha maji. Akachuchumaa mbele yangu, akaninywesha, akanifuta pumba usoni kwa pindo la kanga yangu mwenyewe. "Mama, unalia nini tena, na wote wazima?"

"Nalia kwa sababu inaniuma," nikamwambia. "Sasa hivi inaniuma kweli."

"Pole, mama," akasema, kwa ile sauti tunayowasemesha ndugu waliochanganyikiwa. Akanishika mkono, akaniinua, akanirudisha taratibu mpaka kwenye benchi, akaniambia nikae.