Neno la Mwisho kwenye Karatasi ya Mama

Nafundisha Kiingereza Busia, na kwa sababu hiyo karatasi zote za ukoo wetu huletwa kwangu. Barua ya shule, hati ya shamba, nasoma mimi. Ya mama kutoka hospitali niliisoma nimesimama uani kwake Merikit. Uvimbe wa titi lake, iliandikwa, ni "malignant".

"Hilo neno linasema nini?" mama akauliza.

Niliogopa. Badala ya kumwambia maana nikamwambia asili, kama mwalimu mpumbavu aliyebanwa na swali darasani. Nikasema limetoka Kilatini, kwamba zamani aliitwa hivyo mtu aliyezaliwa na roho mbaya, anayewatakia wenzake mabaya. Yote hayo ni kweli, yamo kamusini. Saratani sikuitaja.

Mama akaitazama nyumba ya pili.

Humo anaishi mke mwenzake. Tangu nipate akili nimewaona wakikaa mbele ya chungu kimoja cha pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Jumapili iliyofuata nilikuta chungu, mke mwenza, na mrija mmoja. Mama alikuwa amejifungia ndani.

"Sindano itaweza roho mbaya ya mtu?" akanifokea aliponifungulia. "Mimi siendi hospitali. Yule anaua mimi nakaa na yeye hapa hapa."

Alikuwa anatakiwa kurudi kwa daktari Jumatano. Nikimwambia ukweli, huenda akakata tamaa. Nikinyamaza, atakufa akimchukia mtu asiye na kosa, na mimi ndiye niliyemtia chuki hiyo. Nikaketi sakafuni miguuni pake.

"Mama, nilikuficha. Ni saratani. Hakuna aliyekuroga. Tukiwahi, madaktari wanaweza kuikata."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna."

Nilidhani atashusha pumzi. Alilia, kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake.

"Heri angekuwa mtu," akasema. "Mtu ningemwendea, nikamwomba aniache."

Baadaye akajifuta uso kwa kanga, akachomoa mrija wake ukutani, akatoka. Mke mwenzake akasogeza kiti kumpa nafasi, bila kuuliza alikuwa wapi. Mama alitumbukiza mrija chunguni lakini hakunywa.

"Mwenzangu," akamwambia, "Jumatano twende wote hospitali. Naogopa."