Mgonjwa Asiye na Mate

Ramadhani ikiingia, kliniki ya meno ya chuo chetu hubaki na viti vitupu. Watu wa Unguja wanajua maji ya kekee, ile mashine ya kutobolea meno, yanakwenda wapi ukipitiwa kidogo, na hakuna anayetaka kuharibu saumu yake kwa ajili ya tundu la jino. Wanasema, "Baada ya Sikukuu, inshallah," na maumivu yao wanarudi nayo nyumbani. Sisi wanafunzi tukabaki na wagonjwa wa kwenye miwani. Miwani ya uhalisia pepe, ndivyo wakubwa wanavyoiita.

Unaivaa, inakufunika macho, na chumba kinaondoka. Hakuna honi ya boti kutoka bandarini Malindi, hakuna feni inayolalamika. Liko jino tu, limesimama peke yake kwenye mwanga usiojulikana unatoka wapi, kubwa kama nyumba ya ghorofa. Mkononi una kalamu iliyofungwa kwenye mkono wa chuma, nayo inakataa. Ukigusa pagumu inagoma. Ukifika penye uozo inazama taratibu, kama kidole kwenye mkate wa boflo ulioloa. Nikazama nayo. Saa nane mchana, tumbo tupu, nilikuwa natembea ndani ya tundu kama apitaye vichochoroni watu wamelala, ukuta mweupe kulia, ukuta mweupe kushoto, na weupe wenyewe unafanana na nyama ya dafu. Astaghfirullah.

Nilikuwa na jino langu moyoni. Mama yangu, muuza vitambaa Darajani, aliyenifundisha kutokubali jibu la kwanza la mtu yeyote, alikuwa na gego la chini limeoza. Ndilo pekee la chini alilobaki nalo la kutafunia. Yeye alitaka ling'olewe, mimi nilitaka kuliziba.

"Ng'oa, mwanangu. Nshachoka nalo."

"Utatafunia nini, Mama?"

"Ntakunywa uji."

"Mpaka lini?"

"Kwani we ndo unayeupika?"

Tulivutana kila siku baada ya futari, mpaka akateremka, kama anavyoteremka bei. Nijaribu mara moja, Sikukuu ikipita, mwalimu wangu awe pembeni. Nikitoboa mpaka kwenye mshipa, ling'olewe, na nisiseme neno. Nikamwomba arudie masharti, nisije nikawa nimesikia ninavyotaka mie.

Taabu ni kwamba kwenye miwani nilikuwa natoboa. Nikikaribia kiini, mkono unaingia pupa, na ule mwanga wote unageuka mwekundu, kimya kimya, bila mtu kulia. Mwalimu akanivua miwani.

"Unaligombeza jino," akasema. "Kalamu ikigoma, simama."

Mwanafunzi mwenzangu wa Tumbatu alicheka. "Na huyo mgonjwa wako kafunga kuliko sisi sote. Hata mate hana."

Sikukuu ilipokwisha Mama akaja, akakikagua kiti kama mtu aliyekuja kukinunua, kisha akakaa. Nikahesabu meno yake, nikarudi nikahesabu tena. Sindano ya ganzi. Bismillahi, nikawasha kekee.

Mdomo ukajaa papo hapo. Maji, mate, na ulimi uliokuja kuangalia kinachofanyika. Mwezi mzima sikuwa nimekutana na ulimi. Mwalimu akatia mrija wa kufyonza, lakini nilikuwa nimeshaanza kusukuma kwa pupa. Mama akanishika kifundo cha mkono. Nikatoa kekee.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Unahema kama punda wa mizigo. Pumzika kwanza."

Nikapumzika. Niliporudi, chumba kikaanza kuondoka chenyewe, polepole, bila miwani. Nikabaki mimi na ule uozo laini, nikiutoa kidogo kidogo, sijui kwa muda gani. Halafu jino likagoma. Chini palikuwa na weusi kidogo bado. Ingekuwa bei, ningeendelea kusukuma. Nikasimama.

Mwalimu akainama, akapagusa kwa kichokoo.

"Pagumu. Weusi huo ni doa tu. Ziba."

Nikaziba. Mama akainuka, shavu moja zito kwa ganzi.

"Lipo?"

"Lipo, Mama."

Akatia kidole mwenyewe, akalipapasa, akakitoa, akakitazama, akakirudisha.

"La juu yake nalo nnahisi linaanza," akasema, akitengeneza buibui lake. "Utaliangalia lini?"