Bomba la Moshi Lililoishia Darini

Wacha nikubali mapema kwamba kosa lilikuwa langu, kwa sababu mume wangu, Baba Kwamboka, alishajitoa kwenye kesi hii na fundi naye alihamia Nyamarambe (anasema ni kazi tu ilimpeleka, haya), kwa hivyo wa kuchekwa nimebaki peke yangu, na pale Keroka bado kuna watu wakinikuta sokoni wanainua macho juu kidogo, kama mtu anayetazama paa, halafu wananisalimia kwa adabu kupita kiasi.

Serikali ilileta mpango wa majiko ya kuokoa kuni. Unajenga jiko la matofali lenye bomba la kutoa moshi nje, unajaza fomu kwamba limekamilika, wanakuja kukagua, wakiridhika unarudishiwa nusu ya gharama kwa simu. Kikundi chetu cha akina mama kina watu kumi na wawili na mimi ndiye mwenyekiti. Wenzangu walijenga haraka, kila mtu kwenye kibanda chake cha kupikia cha nje, na jirani yangu Bosibori alitoboa mabati yake mwenyewe, mvua ikamwingilia karibu wiki nzima mpaka akaziba kwa lami, na hakumlalamikia mtu.

Mimi shida yangu ilikuwa nyumba nzuri. Baba Kwamboka ndiyo alikuwa amemaliza kuezeka, mabati ya rangi ya damu ya mzee, dari nyeupe mpaka jikoni, na nilipomweleza kwamba bomba lazima lipite juu alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, akanywa chai yake, akasema, "Jiko lijengwe. Paa langu halitobolewi."

Hapo ningewaambia wenzangu ukweli, tungecheka, ningebaki na mafiga yangu. Lakini mwenyekiti abaki nyuma ya Bosibori? Fundi Obare ndiye aliyeniuliza kama kweli mkaguzi ataanza kupanda darini na suruali yake ya pasi, nikaona ana hoja. Basi akapitisha kipande kimoja cha bomba kutoka jikoni mpaka ndani ya dari, akakizungushia pete ya bati ikapendeza, na kipande kingine akakifunga kwa waya nje kwenye ukuta, kikapanda mpaka juu ya paa na kofia yake. Katikati ya hivyo vipande viwili hakukuwa na kitu. Nikatoka mpaka barabarani kulitazama (nasema ukweli, lilikuwa limenyooka kuliko la Bosibori), nikarudi ndani, nikaweka alama mahali palipoandikwa "limekamilika". Nia yangu ilikuwa pesa zikirudi nimbembeleze mzee polepole. Siku hizo zote nilipika kule nyuma, kwenye mafiga, machozi yakinitoka kama kawaida.

Kumbe watu wa mpango walikuwa wamepita na gari wakaliona bomba. Nikapigiwa simu kwamba boma langu limechaguliwa kuwa la mfano, kwamba watakagua kwangu tu na kwangu kutahesabiwa kwa niaba ya wote kumi na wawili, na watapiga picha. Hata hapo ningesema. Badala yake nilinunua vikombe vipya.

Siku yenyewe yalikuja magari matatu kukagua jiko moja. Kulikuwa na bango lililosema jiko bila moshi, kulikuwa na afisa kijana mwenye viatu vyeupe, kulikuwa na chifu, na akina mama wangu wamevaa vitenge vya kufanana. Mimi nilikuwa nimepanga hivi: waangalie, wapige picha, wanywe chai ya themosi, waende. Picha zilipigwa. Halafu yule kijana akasema, "Mama mwenyekiti, hebu liwashe tuone." Nikamwambia nimelisafisha asubuhi, bado lina maji. Akasema moto utalikausha. Baba Kwamboka alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kanisani, akatazama dari, akanitazama mimi, akatazama dari tena.

Nikawasha. Na ubaya wa jiko lile ni kwamba lilikuwa zuri. Lilivuta moto vizuri ajabu, moshi wote ukapanda na bomba, jikoni hata uzi mmoja wa moshi haukuonekana, na afisa akaanza kufundisha: macho ya akina mama, vifua vya watoto, miti inayoisha. Wenzangu wakaitikia. Hata mimi (mtu anaweza kudanganywa na uongo wake mwenyewe, msinicheke) nikaanza kusimama wima kidogo. Akawauliza, "Sasa moshi uko wapi?"

Jibu lilikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akichuma majani chai ng'ambo ya bonde. Yeye alikuwa anauona. Ulikuwa umejaa darini na sasa unatoka chini ya mabati pande zote nne, kila kona, kila upenyo, isipokuwa kwenye bomba. Akapiga nduru. Na huku kwetu nduru ikipigwa hakuna anayeuliza maswali, watu walikuja na ndoo, na ngazi, na majembe, na tulipotoka nje wanaume watatu walikuwa tayari juu ya paa wakiling'oa. Baba Kwamboka aliwaambia nyumba haiungui, wakamwonea huruma, wakadhani amechanganyikiwa, mmoja akamshika bega. Lile paa lililokataa tundu la ukubwa wa sahani liling'olewa mabati manne.

Moshi ulipotawanyika kila mtu akaona. Bomba la ndani limetokeza darini linapumua kwa raha zake, na hatua mbili kutoka hapo bomba la nje limesimama na kofia yake, safi kama sufuria ya dukani.

"Mama," afisa aliniuliza taratibu, "hili la nje limeunganishwa na nini?"

Bosibori ndiye aliyejibu, na hakuwa anacheka. "Na hewa."

Hakuwa anacheka kwa sababu alikuwa ameelewa kabla yangu: kama nimekaguliwa kwa niaba ya wote, nimeanguka kwa niaba ya wote. Ndivyo ilivyokuwa. Kikundi kizima kilirudishwa nyuma ya foleni, na yale magari matatu yakaondoka bila kunywa chai.

Kwenye mkutano nilisimama kujiuzulu, nimejiandalia hata maneno ya kuhuzunisha. Wakakataa. Bosibori alisema kujiuzulu ni kwenda kulala nyumbani, na kwamba mkaguzi akirudi mwenyekiti atamtembeza jikoni kwa kila mmoja wao na kumweleza kila mwenye boma kwa nini anakaguliwa tena. Kwa miguu, kwenye matope, maboma kumi na moja, nilirudia hadithi hii mara kumi na moja mbele ya majiko yanayotoa moshi mahali panapostahili. Kufikia boma la saba mkaguzi alikuwa akinisaidia nikisahau sehemu.

Wenzangu wamerudishiwa pesa zao. Sisi tumenunua mabati, hayafanani rangi na mengine. Na mimi nimejiapia: mtu akiniuliza kama kitu changu kimekamilika, jibu langu la kwanza ni "bado", hata kama anaulizia chai na kikombe kiko mkononi mwake.