Nilisaini Kwamba Zimechomwa

Ofisi zetu zinanitia kinyaa, na wa kwanza kunitia kinyaa ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa karani wa masjala, kwenye kituo kimoja cha afya pembeni ya mji wa Morogoro. Chumba kilinuka mkojo wa panya mpaka harufu naenda nayo nyumbani kwenye kitenge. Mende walikuwa wametaga ndani ya rejista za wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI, zenye jina la mtu, kijiji chake, hadi balozi wake wa nyumba kumi. Mama yangu hakusoma, lakini karatasi ya hospitali ikishamaliza kazi huitia jikoni mwenyewe na kuingoja iwe majivu. Sisi wenye vyeti tulishindwa hilo.

Kompyuta zilipokuja, taarifa zikahamishiwa humo, ikaamriwa rejista za zamani zichomwe nami nishuhudie na kusaini. Siku yenyewe masika ilimwaga, shimo la taka likajaa maji. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, akasema nisaini tu, mlinzi atachoma pakikauka. Nikasaini. Nilitaka kuwahi nyumbani, basi.

Mlinzi hakuchoma kitu, ovyo kabisa. Rejista aliwagawia wachuuzi wa nyanya, ambao hutandika makaratasi kwenye matenga ili nyanya zisipondeke. Matenga matupu yakapandishwa milima ya Uluguru kwenda kujazwa, na rejista zetu zimo ndani.

Huko juu kulikuwa na mama mmoja mkulima. Kila alipoishiwa dawa alishuka mlima alfajiri, akaipita zahanati ya kijijini kwao, aje kuchukua kwetu asikojulikana. Hata mumewe hakujua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo sisi. Jirani yake alipokuwa akipanga nyanya akakutana na jina lake, na tarehe zote alizochukua dawa. Akawasomea wenzake palepale shambani, wakacheka, watu ambao mama huyo hukaa nao benchi moja kanisani. Habari zikamfikia mumewe, akafungasha vyake akaondoka.

Mama yule alikuja kituoni wiki iliyofuata. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote, na adabu ile iliniuma kuliko kama angenitukana. Akaniwekea mezani karatasi yenye mwandiko wangu, imegandwa na maji ya nyanya iliyooza, inanuka. Nikamwambia kwamba aliyesaini kuwa zimechomwa ni mimi. Akasema anataka barua ya uhamisho, dawa atakwenda kuchukulia kituo cha Ngerengere.

Nikaandika, nikagonga muhuri. Akaikunja barua, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaenda. Mlangoni akageuka.

"Na huko nako, mwanangu, wanachoma?"

Nikamwambia wanachoma. Ngerengere sijawahi kukanyaga.