Diski ya Shuleni

Kamba za mkonge zikilowa mvua pale sokoni Kibuye, harufu yake hunirudisha utotoni. Shuleni kwetu, ukiongea Kijaluo ulivishwa shingoni kipande cha ubao, tulichokiita diski, kwa kamba kama hizo. Uliivaa mpaka umnase mwingine akiongea Kijaluo. Aliyebaki nayo jioni alichapwa.

Siku hiyo nilikuwa nayo mimi, na kengele ilikaribia. Nikamfuata mdogo wangu wa darasa la kwanza, nikamfinya mkono kwa kucha.

"Mayoo! Weya!" akalia, akiniomba nimwachilie.

Nikamvisha.

Nyumbani Mama akamwuliza, "Nani amekuchapa hivi?" Mdogo wangu akaniangalia mimi.

Siku hizi anaishi Bondo. Akinipigia simu, hata kunieleza kwamba Mama amezidiwa, ananiongelesha Kiingereza kitupu.