Gunia la Koko

Mimi nilitoka kijiji cha Marodoka, kule kisiwani Nosy Be, na kanzu moja na madarasa mawili ya shule, nikafika mji wa Mahajanga nikawa mtu. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, waliosoma Kifaransa walikuwa bado wanahangaikia kazi za kalamu. Mimi nilikuwa na magari matatu ya ng'ombe na kibali cha manispaa cha kuzoa taka za mtaa mzima wa Mangarivotra. Wanawake walinitania milangoni: "Karibu, sultani wa vichwa vya samaki!" Nami nawajibu, "Sultani ni sultani, leteni kodi!"

Amri za manispaa nilizijua kwa kichwa, maana kuzisoma sikuweza. Taka zitolewe asubuhi. Zisitupwe mikokoni. Na ile mpya: marufuku kuchimba shimo uani, kila kitu kiende shimo kubwa nje ya mji, kichomwe.

Amri hiyo mpya ilimkuta jirani yangu, bibi mzee wa Kikomoro aliyewasomesha watoto wa mtaa Kurani, wangu wakiwemo. Sote tulimwita Koko, yaani bibi. Kurasa za misahafu iliyochakaa alikuwa akizizika uani kwake, pasipokanyagwa, kama ilivyo desturi yetu. Sasa hawezi. Akanitolea gunia jeupe, limeshonwa mdomo.

"Humu mna msahafu wa marehemu mume wangu pia," alisema. "Na hizi nazo ni taka, mwanangu?"

"Koko, unazungumza na mimi! Nalipeleka njia ya Boanamary, nalizika mahali safi."

"Usilichanganye."

"Wallahi silichanganyi."

Siku hiyo mkubwa wa manispaa alikuwa anakuja kukagua shimo. Njia ya Boanamary ni ndefu, nami nilitaka anikute nimesimama pale, kofia safi, magari yamepangwa. Nikajiambia kuchoma kurasa nako kunaruhusiwa katika dini. Kweli, kunaruhusiwa, lakini si pamoja na matumbo ya samaki na matambara machafu. Gunia nililitupa motoni kwa mkono wangu mwenyewe. Mkubwa akaushika mkono huohuo, akanisifu mbele za watu.

Alasiri upepo uligeuka, ukavuma kutoka shimoni kuja mtaani. Nilirudi mtaani nimevimba kwa sifa, nikamkuta Koko uani kwake amepiga magoti, anaokota vipande vya karatasi vilivyoungua pembeni. Vingine vilinasa kwenye ua. Vilinuka samaki. Kimoja kilikuwa na wino mwekundu, alama alizokuwa akitia mumewe mahali pa kuvuta pumzi wakati wa kusoma.

"Ulilizika wapi, mwanangu?"

Kipande kiko mkononi mwake, nami nasema: "Njia ya Boanamary, Koko. Chini ya mti, hapapiti mguu."

Akanitazama kidogo. "Ahsante," akasema, akavifunga vipande katika pindo la shiromani aliyojitanda.

Hakumwambia mtu. Afadhali angenitukana. Ila tangu siku ile gari langu likipita, mlango wake haufunguki. Taka zake alizibeba mwenyewe, katika debe, kichwani, mpaka shimoni, akipita mbele ya baraza yangu na kunisalimu vizuri. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikainuka.

"Koko, lete nikubebee. Magari yote haya!"

"Nimezoea, mwanangu," akasema. "Ni taka tu, lakini napenda kujua zimefika wapi."

Nikampisha njia.